Kuulizwa Nako Kuna Athari: Namna Mahojiano ya Utafiti Yanavyoweza Kubadili Unywaji wa Aliye Katika Tiba ya Ulevi

Wakaazi wa Pemba si wageni wa dodoso. Tangu Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri ilipofunguliwa Wawi, Chake Chake, mwaka 2000, na hata kabla ya hapo, watafiti wamepita shehia kwa shehia wakiuliza habari za kichocho, minyoo, malaria na lishe ya watoto. Mwenyeji humkaribisha mgeni barazani, humjibu maswali yake, hutia saini au alama ya dole gumba, kisha mgeni huondoka na karatasi zake. Wengi wetu tumezoea kuamini kwamba hapo mambo yamekwisha: mtafiti amechukua habari, na aliyehojiwa amebaki vile vile alivyokuwa.

Katika suala la ulevi, imani hiyo haitoshi. Kwa miaka mingi wataalamu wa tiba ya uraibu wameshuku kwamba mahojiano yenyewe, hata yasipoambatana na nasaha wala dawa, yanaweza kumfanya mtu apunguze kunywa. Makala haya yanaeleza shaka hiyo imetoka wapi, ushahidi unasema nini, na jambo hilo lina maana gani kwa mgonjwa, kwa jamaa zake na kwa watoa huduma wa kisiwani kwetu.

Ulevi upo, ingawa hausemwi

Jamii yetu ni ya Kiislamu, na pombe ni jambo la kufichwa. Hata hivyo, tembo la mnazi linagemwa, gongo inapikwa kwa siri, na wapo wanaokunywa hadi kushindwa kujizuia. Anayetaka kuacha huanza kwa kujaribu peke yake. Akishindwa humwendea mzee wa ukoo au sheikh. Na baadhi hatimaye hufika hospitali au katika nyumba za upataji nafuu, ambazo Zanzibar zilienea zaidi kwa ajili ya vijana waliotumia heroini, lakini humo mna pia waliozama katika pombe.

Kimya hiki kina gharama yake. Mlevi hulaumiwa, huonywa, huimbwa mitaani na watoto, lakini ni nadra kuulizwa. Kumwuliza mtu ni kutaka kujua: alikunywa lini, kiasi gani, akiwa na nani, na kilichofuata kilikuwa nini. Kwa wengi, mara ya kwanza kuulizwa hivyo kwa utulivu, na mtu asiyewakemea, huwa ni mbele ya muuguzi au mtafiti mwenye kalamu mkononi.

Mhojiwa huulizwa nini hasa?

Dodoso linalojulikana zaidi duniani katika uwanja huu limeandaliwa na Shirika la Afya Duniani. Lina maswali 10: matatu ya mwanzo ni ya wingi na marudio ya unywaji, na yaliyobaki yanahusu dalili za kutawaliwa na pombe na madhara yake, kama vile kushindwa kuacha ukishaanza, kujuta siku ya pili, au kuambiwa na jamaa kwamba upunguze. Kila jibu lina alama zake, na jumla ya juu kabisa ni 40. Kwa kawaida, alama 8 au zaidi huhesabiwa kuwa ishara ya unywaji wenye hatari. Toleo la Kiswahili limefanyiwa uchunguzi wa usahihi katika Hospitali ya KCMC, Moshi.

Njia ya pili ni ya kalenda. Mhoji hutandika kalenda ya miezi kadhaa iliyopita, na pamoja na mhojiwa hupita siku moja baada ya nyengine. Ili kumbukumbu isipotee, huanza na siku zisizosahaulika. Hapa kwetu zingekuwa Iddi, harusi ya jamaa, khitma, siku ya kuuza karafuu, au siku ya kurejea kutoka dago. Kila siku huandikwa: hakunywa, au alikunywa, na kiasi gani.

Hapo tayari msomaji anaweza kuona kwamba kazi hii si ya mtafiti peke yake. Tuchukue mfano wa kubuni. Mvuvi mmoja amemaliza siku zake katika nyumba ya upataji nafuu na amerejea kijijini. Akiulizwa kwa ujumla, atasema: “Nateleza mara moja moja tu.” Akipitishwa katika kalenda, siku kwa siku, anagundua kwamba kati ya mara sita alizoteleza, tano zilikuwa jioni ya siku aliyogawiwa fedha za samaki. Mhoji hakumwambia neno. Hakumshauri abadili njia ya kurudia nyumbani, wala hakumwambia fedha azikabidhi kwa mkewe kabla ya magharibi. Lakini jambo ambalo mvuvi huyu hakuliona kwa miaka sasa limeandikwa mbele ya macho yake, kwa maneno yake mwenyewe.

Ushahidi ulianza vipi?

Mwaka 1977, huko London, Griffith Edwards na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliowashtua matabibu wengi. Wanaume 100 wenye wake, wote wenye tatizo kubwa la pombe, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa tiba kamili ya miezi kadhaa. Kundi jengine lilipewa kikao kimoja cha ushauri na kuambiwa kwamba jukumu la kuacha ni lao. Baada ya miezi 12, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu, na tofauti baina yao ilikuwa ndogo mno.

Wengi walifahamu kwamba maana yake ni kuwa tiba haina faida. Lakini waliosoma kwa makini walitaja jambo jengine. Wanaume wote, wa kundi hili na lile, walikuwa wamehojiwa kwa kina kabla ya kugawanywa, na wake zao vile vile. Tena, kwa wale waliopewa ushauri tu, wake zao waliendelea kuulizwa kila mwezi kuhusu hali ya waume. Je, inawezekana kwamba “kundi lisilotibiwa” lilikuwa limepata tiba bila ya mtu kuita tiba?

Swali hilo lilifuatiliwa baadaye kwa njia ya moja kwa moja. Huko Marekani, Patrick Clifford, Stephen Maisto na mwenzao walichapisha mwaka 2007 utafiti wa watu 235 waliokuwa wakianza tiba ya ulevi. Wote walipata huduma za kawaida za vituo vyao. Kilichotofautishwa ni mahojiano ya utafiti tu: wengine walihojiwa mara nyingi na kwa kirefu, wengine mara nyingi lakini kwa ufupi, wengine mara chache kwa kirefu, na wengine mara chache na kwa ufupi. Matokeo yalionesha kwamba kuhojiwa zaidi kuliambatana na hali bora ya unywaji kuliko kuhojiwa kwa uchache na kwa ufupi. Utafiti mwengine wa Marekani, uliohusu wanawake waliokuwa wakisubiri kuanza tiba, uliona kwamba wengi wao walikwisha punguza au kuacha pombe kabla hata ya kikao cha kwanza, katika kipindi ambacho kilichofanyika kilikuwa kupiga simu, kuhojiwa na kupimwa.

Karibu na kwetu

Afrika ya Mashariki nayo ina habari zake. Huko Eldoret, magharibi mwa Kenya, Rebecca Papas na wenzake walichapisha mwaka 2011 majaribio ya awali ya nasaha za vikundi kwa watu 75 wanaoishi na virusi vya UKIMWI ambao walikuwa wakinywa kupita kiasi. Walionasihi hawakuwa madaktari, bali watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo. Baada ya siku 90, asilimia 69 ya walionasihiwa walikuwa hawanywi. Hayo ni mafanikio makubwa. Lakini tutazame na kundi la pili, lililopata huduma za kawaida za kliniki na kuhojiwa na watafiti tu: hata humo, asilimia 38 walisema hawanywi. Hatuwezi kusema kwamba wote hao waliachishwa na maswali. Kliniki yenyewe ina msaada wake, na mtu aliyekubali kuingia katika utafiti kama huo pengine alikwisha kuchoshwa na pombe. Lakini ni vigumu kudai kwamba maswali hayakuchangia chochote.

Uganda wakataka kupima jambo hili kwa uhakika zaidi. Katika mji wa Mbarara, watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu watu waliokuwa wakianza huduma za virusi vya UKIMWI: baadhi walihojiwa kwa kina kila baada ya miezi mitatu, na wengine walihojiwa kwa uchache mno. Hawakutegemea maneno peke yake. Walipima katika damu kemikali ambayo mwili huitengeneza pale tu mtu anapokunywa pombe, na ambayo hubakia kwa wiki kadhaa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 hayakuonesha kwamba kuhojiwa mara kwa mara kulileta tofauti ya maana katika unywaji. Taarifa nyengine ya watafiti hao, ya mwaka 2016, ilieleza kwamba unywaji ulishuka watu walipoanza huduma, kisha ukapanda tena ndani ya mwaka ule ule wa kwanza.

Kwa hiyo ushahidi haukwendi upande mmoja. Mapitio ya Jim McCambridge na Kypros Kypri ya mwaka 2011, yaliyokusanya majaribio kadhaa ya nasaha fupi kwa wanywaji, yalikadiria kwamba kujibu maswali peke yake kulipunguza unywaji kwa kiasi cha kinywaji kimoja hivi kwa wiki. Ni athari ndogo. Lakini walio katika tiba si sawa na wanywaji wa kawaida: wao wako njia panda, na mtu aliye njia panda husukumwa hata na upepo mdogo.

Kwa nini swali liwe na nguvu?

Sababu zinazotajwa ni nne, na zote zinaingia akilini.

Ya kwanza ni hesabu. Mtu anayekunywa sana hukadiria chini, siku humchanganyikia. Akilazimika kuhesabu, hukutana na idadi asiyoitarajia, na aghalabu hesabu hiyo humshtua kuliko mawaidha.

Ya pili ni kujisikia mwenyewe. Anayeonywa hujitetea, lakini anayeulizwa hueleza, na katika kueleza huyasikia maisha yake kama anayesimulia ya mtu mwengine. Maswali ya madhara, kama kuumia, kugombana au kukosa kazi, humweka baina ya vile alivyo na vile alivyotaka kuwa.

Ya tatu ni matarajio ya kuulizwa tena. Ajuaye kwamba mwezi ujao atakaa tena mbele ya mtu yule yule kuhesabu siku zake, huikumbuka siku hiyo glasi inapopita mbele yake.

Ya nne ni utu. Mhoji mzuri hufika kwa wakati, husikiliza bila ya kukatiza, hakebehi, na hurejea alivyoahidi. Kwa aliyetengwa na jamaa na majirani, saa moja ya kusikilizwa hivyo ina uzito ambao haumo katika dodoso lolote.

Tahadhari tatu

Kwanza, kusema si kutenda. Mhojiwa anaweza kupunguza maneno badala ya pombe. Akishamzoea mhoji na kumstahi, huona haya kumwambia kwamba ameanguka tena, hasa katika jamii kama yetu ambayo neno “mlevi” humfuata mtu hadi kaburini. Ndiyo maana watafiti wa Mbarara walipima damu, na ndiyo maana majibu mazuri yanapaswa kupokewa kwa moyo mwema lakini kwa uangalifu.

Pili, watu huomba msaada wakiwa katika hali mbaya kuliko zote. Mambo yakishafika chini kabisa, aghalabu hupanda kidogo hata bila ya msaada. Si kila nafuu inayofuata mahojiano imetokana na mahojiano.

Tatu, nafuu ya namna hii hupungua kichocheo kinapoondoka. Sisi tunalijua hili kwa mfano ulio karibu zaidi. Wapo wanaoacha kabisa Ramadhani nzima, kwa imani na kwa kuwa kila jicho linawatazama, kisha ikifika Mfungo Mosi wakarejea walikotoka. Mwezi mmoja umeonesha kwamba wanaweza. Kilichokosekana ni wa kuwashika mkono mwezi wa pili. Mradi wa utafiti nao una mwisho wake. Mhoji aliyekuwa akija kila mwezi hukoma kuja, na kwa baadhi ya watu huo ndio wakati wa hatari. Si haki kumzoesha mtu kuulizwa hali yake kwa mwaka mzima, kisha kumwacha bila hata kumwonesha mlango wa kituo cha afya.

Maana yake kwa huduma zetu

Kwa mtafiti, fundisho ni la kipimo na la uadilifu. Akilinganisha waliotibiwa na waliohojiwa tu, akumbuke kwamba hata hao wa pili wameguswa; tofauti ndogo baina ya makundi si lazima iwe dalili kwamba tiba ni dhaifu. Na tangu siku ya kwanza apange nani atakayempokea mhojiwa siku mradi utakapofungwa.

Kwa watoa huduma, habari hii ni njema kwa sababu haihitaji jengo wala dawa ya kuagizwa. Maswali 10 huulizwa kwa dakika chache katika chumba chenye faragha. KCMC wamejenga juu ya msingi huo mazungumzo mafupi ya wauguzi na majeruhi wanaokunywa, waliyoyaita “Punguza Pombe Kwa Afya Yako”. Muuguzi wa kituo chetu anaweza kuanza na jambo dogo zaidi: kumpa aliyetoka katika tiba tarehe ya kurejea, na siku hiyo kumwuliza tena, kwa sauti ile ile, bila ya hukumu. Kipimo cha “kinywaji kimoja” kiendane na mazingira: anayekunywa tembo hahesabu chupa, huhesabu kata au dumu, na muuguzi aijue hesabu hiyo.

Kwa jamaa, swali lenye faida ni lile linalotaka jibu. “Hutaacha lini ulevi wako?” ni lawama iliyovaa nguo za swali. “Wiki hii ilikuwaje? Siku gani ilikuwa ngumu zaidi?” ni swali la kweli. Aulize mtu mmoja anayeheshimiwa na mgonjwa, kwa faragha, na kwa kurudia. Akijibiwa kwamba ameanguka, asishtuke wala asitangaze. Aliyeadhibiwa kwa kusema kweli leo atasema uongo kesho.

Kwa anayehojiwa, haki zako ni hizi:

1. Kuulizwa ridhaa yako kwanza, kwa lugha unayoifahamu, na kuelezwa utafiti ni wa nini. Utafiti wa afya hauanzi bila ya kibali cha maadili. Una haki ya kuuliza kibali hicho kimetolewa na nani.

2. Kukataa, kuruka swali au kujitoa wakati wowote, bila ya kunyimwa matibabu.

3. Kuhojiwa mahali pa siri. Katika shehia ambayo kila mmoja anamjua mwenziwe, una haki ya kuomba mahojiano yasifanyike barazani kwako.

4. Kuambiwa pa kwenda iwapo maswali yamekuamshia huzuni, hofu au hamu ya kunywa.

Neno la mwisho ni la usalama. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu asiache kwa ghafla akiwa peke yake, hata kama maswali yamemzindua na amepata azma. Mwili uliozoea pombe ukikatiwa ghafla unaweza kupata mtetemeko mkali, kuweweseka, hata degedege, na hali hiyo inaweza kuua. Aende kwanza katika hospitali ya karibu, iwe Chake Chake, Wete, Micheweni, Vitongoji au Abdulla Mzee ya Mkoani, aeleze kweli kiasi anachokunywa, na aache chini ya uangalizi.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Utafiti huu wa ulevi unatuongezea kwamba kuuliza si bure pia. Swali halimponyi mtu peke yake, wala halichukui nafasi ya tiba. Lakini aliye katika njia ya kuacha, akiulizwa kwa heshima leo, na akajua kwamba kesho kutwa ataulizwa tena, haendi njia ile akiwa peke yake. Kazi hiyo tusiwaachie watafiti peke yao, kwa kuwa wao huja na kuondoka, na sisi ndio tunaobaki naye.